Tafuta Utelezi: Mwongozo Kamili wa Kushusha Lehemu kwa Nyuzinyuzi za Sufuria ya Nyumbani

Shangazi yangu alikula pumba za ngano kwa miezi mitatu. Kila asubuhi vijiko viwili kwenye bilauri ya maji, anakoroga, anakunja uso, anameza. Alikuwa ameambiwa kuwa nyuzinyuzi hushusha lehemu (kolesteroli), na yeye akishaamua jambo halifanyi nusunusu. Aliporudi maabara, choo chake kilikuwa kimekaa sawa kuliko miaka mingi iliyopita, lakini LDL, ile iitwayo lehemu mbaya, ilikuwa palepale. Aliumia, akataka kuacha kila kitu. Nilipokaa naye na ile karatasi ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyewahi kumweleza kuwa nyuzinyuzi zina aina zake.

Nyuzinyuzi, ambazo watu wa lishe Tanzania huziita pia makapimlo, ni ile sehemu ya mmea ambayo vimeng'enya vya utumbo mwembamba haviwezi kuivunja. Kuna zile ngumu, kama pumba za ngano na ganda la hindi. Hizi hunyonya maji, hukipa choo ujazo na kukisukuma, ila LDL haziigusi sana. Na kuna zile zinazoyeyuka kwenye maji zikageuka ute. Hizi za pili ndizo zinazoshusha lehemu. Huhitaji maabara kuzitambua: ni ule uzi wa bamia unaofuata mwiko, ni mlenda unaokatwa kwa kidole, ni mchuzi wa maharage uliolala ukawa mzito, ni uji wa oti unaogandia kijiko. Kwa hiyo jikoni kanuni yake ni nyepesi: tafuta utelezi.

Utelezi unafanya nini tumboni

Ini hutengeneza nyongo, na malighafi yake ni lehemu. Kila tunapokula chakula chenye mafuta, asidi za nyongo humwagwa kwenye utumbo zikayasambaratishe. Kazi ikiisha hazipotei: karibu asilimia 95 hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba, zikarudishwa kwenye ini zitumike upya. Mwili haupendi kupoteza mali.

Sasa weka ute katikati ya safari hiyo. Ute hunasa sehemu ya asidi hizo, nazo badala ya kurudi kwenye ini zinatoka na choo. Ini likikuta akiba imepungua hulazimika kutengeneza nyingine, na ili lipate lehemu ya kutengenezea, huongeza vipokezi vya LDL kwenye seli zake. Vipokezi hivyo huvuta LDL kutoka kwenye damu inayopita. Hapo ndipo namba ya kwenye karatasi inaposhuka. Zaidi ya hayo, ute hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na unapofika utumbo mpana bakteria huuchachua ukatoa asidi fupi kama butirati, ambazo ni chakula cha seli za utumbo huo.

Inashuka kiasi gani? Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walikusanya majaribio 67 ya nyuzinyuzi za ute, wakapata kwamba kila gramu moja kwa siku hushusha LDL kwa wastani wa karibu 0.06 mmol/L, kipimo kinachoandikwa kwenye karatasi ya maabara. Ukiongeza gramu 5, tarajia karibu 0.3. Si muujiza, wala si kitu cha kudharau, hasa kwa mtu ambaye LDL yake imepita mpaka kidogo tu.

Elimu hii ina mizizi hapa kwetu. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929, kisha akafanya kazi na kufundisha Uganda hadi 1958. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuwa Uganda kuanzia 1946 hadi 1966. Wote wawili waliona kwamba magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, ugonjwa wa moyo ukiwemo, yalikuwa adimu mno kwa wakulima waliokula ndizi, viazi, maharage na mboga za majani. Mwaka 1959 Shaper na Jones, waliofanya kazi Kampala, walichapisha ulinganisho wa lehemu za Waafrika na Waasia wa Uganda, na Waafrika walionekana kuwa na lehemu ndogo zaidi. Mwaka 1972 Trowell akaandika moja kwa moja kuhusu nyuzinyuzi na ugonjwa wa moyo. Hunichoma moyo kwamba dunia ilijifunza kutokana na sahani ya bibi zetu, halafu sisi tukaihama sahani yenyewe.

Hatua ya 1: Ijue karatasi yako

Kabla hujabadili chochote, pima. Karatasi ya mafuta ya damu huwa na mistari minne. LDL ndiyo inayopeleka lehemu kwenye kuta za mishipa, na ndiyo nyuzinyuzi huigusa. Lehemu jumla hufuata nyuma yake. HDL, ile iitwayo lehemu nzuri, hubaki karibu ilivyokuwa. Trigliseridi, mafuta ya aina nyingine kwenye damu, hazisikii sana nyuzinyuzi. Zinasikia soda, sukari, pombe, uzito wa mwili na mlima wa wali. Mtu ambaye tatizo lake ni trigliseridi peke yake aanze na hivyo.

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo wala kisukari, viwango vinavyotumika sana ni lehemu jumla chini ya 5.0 mmol/L, LDL chini ya 3.0, trigliseridi chini ya 1.7, na HDL juu ya 1.0 kwa mwanaume au 1.2 kwa mwanamke. Aliyekwisha kuugua moyo au kiharusi, na wengi wenye kisukari, huwekewa na daktari lengo la chini zaidi, LDL 1.8 au hata 1.4.

Angalia kipimo kimeandikwa kwa mmol/L au mg/dL. Nimewahi kumwona mtu akilia kwa sababu lehemu "imepanda kutoka 5 hadi 190", kumbe amebadilisha maabara tu. Ili kupata mmol/L, gawa mg/dL za lehemu kwa 38.7; za trigliseridi gawa kwa 88.6. Hizo 190 zake zilikuwa 4.9.

Jambo lingine ambalo halisemwi: maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja. Huchukua lehemu jumla, hutoa HDL, kisha hutoa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Trigliseridi zikizidi 4.5 hesabu hiyo haifai tena. Pia ukipima leo ukiwa umefunga, na mara ijayo umetoka kwenye harusi, LDL ya pili inaweza kuonekana imeshuka bila kushuka. Pima kwenye maabara ileile, katika hali ileile, na usipime ukiwa na homa.

Hatua ya 2: Andika siku tatu za kawaida

Si siku za kujionyesha. Andika kila kinachoingia mdomoni kwa siku tatu, mojawapo iwe ya mwisho wa wiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Sahani ya wali mweupe, nyama na kachumbari haikufikishi popote: gramu 100 za wali mweupe uliopikwa hazina hata nusu gramu ya nyuzinyuzi.

Hatua ya 3: Sufuria ya maharage, kila siku

Ningeruhusiwa kukupa hatua moja tu, ningekupa hii. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walijumlisha majaribio 26 ya vyakula vya jamii ya mikunde. Watu waliokula kama gramu 130 kwa siku, yaani robo tatu ya kikombe iliyokwishapikwa, LDL yao ilishuka kwa wastani wa 0.17 mmol/L. Haikuwa dawa wala kitu cha kuagiza nje. Ni maharage.

Na hapa tuna utajiri ambao wenzetu wananunua kwa kopo: maharage ya rangi zote, kunde, mbaazi, choroko (ndengu kwa ndugu zetu wa Kenya), dengu, fiwi au njahi, adesi. Kikombe kimoja cha maharage, kunde au mbaazi zilizopikwa kina gramu 11 hadi 13 za nyuzinyuzi. Choroko hufika 15. Katika hizo, sehemu ya ute hutofautiana, kwa kawaida gramu 1 hadi 3 kwa nusu kikombe. Makande, au githeri, ni chakula bora kabisa kwa kazi hii, mradi mahindi yasiwe yamekobolewa ganda.

Upishi wake una taratibu zake. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, osha, weka mapya. Hilo peke yake hupunguza gesi sana. Chemsha kwa moto mkali dakika 10 za mwanzo bila kupunguza, hasa maharage mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa nguvu. Kisha punguza moto mpaka yalainike. Mchuzi uliobaki usiumwage, sehemu ya ute imo humo. Magadi huharakisha kuiva, lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, kwa hiyo mwenye presha aachane nayo. Pika ya siku tatu, gawa, weka kwenye friji. Mkaa ni ghali, na anayechemsha maharage kila siku atachoka wiki ya pili.

Hatua ya 4: Mlenda, bamia na bilinganya

Mwaka 2003 David Jenkins na wenzake wa Toronto walijaribu mlo uliokusanya vyakula vyote vinavyojulikana kushusha lehemu. Ulikuwa na oti, shayiri, isabgoli (maganda ya mbegu, tutayafikia Hatua ya 8), protini ya soya, lozi na siagi ya mimea yenye steroli, chembe za mimea zinazozuia lehemu kufyonzwa. Kama mboga za ute walichagua bamia na bilinganya. Baada ya mwezi mmoja LDL ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 29, wakati kundi lililopewa dawa ya lovastatini ilishuka kwa karibu 31. Ule ulikuwa mlo mkali, uliopimwa kwa mizani na wenye mafuta kidogo mno, basi usitarajie hayo kwa bamia peke yake. Lakini nilipomsomea shangazi orodha ile alinyamaza, kisha akasema, "Bamia? Hizi zangu za uani?"

Tatizo ni kwamba wengi tumefundishwa kuua utelezi. Tunakaanga bamia mpaka zikauke. Acha. Zikate, zitie kwenye nyanya na vitunguu, pika dakika chache, uzi ubaki. Mlenda, mrenda kwa Wakenya, una ute wa jamii hiyohiyo, na ukiuunga kwa karanga zilizotwangwa unapata mafuta mazuri pamoja na steroli za mimea. Bilinganya hunywa mafuta kama sifongo, hivyo ichome kwenye makaa au ichemshe kwanza, halafu uiponde na nyanya na kitunguu saumu.

Hatua ya 5: Unga

Gramu 100 za unga wa dona zina kama gramu 7 za nyuzinyuzi, sembe ina karibu nusu ya hizo. Nyuzinyuzi za dona ni za ile aina ngumu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo haitashusha LDL kama maharage, ila itakufikisha kwenye zile gramu 25 na itakushibisha kwa ugali mdogo zaidi. Ulezi na mtama uliosagwa mzima vivyo hivyo.

Tahadhari moja isipuuzwe. Dona hubakiza kila kilichokuwa kwenye hindi, ikiwemo sumukuvu. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo ya ukungu. Chagua mahindi makavu, toa yaliyovunjika, yenye ukungu au rangi ya ajabu, kisha saga kidogokidogo. Dona huchacha mapema kwa sababu ya mafuta ya kiini.

Hatua ya 6: Chungwa, usilinyonye tu

Tazama mtu anavyokula chungwa kituoni. Limemenywa ganda la juu, limekatwa nusu, ananyonya maji, makapi anatupa. Ute wa chungwa, unaoitwa pektini, uko kwenye kile alichokitupa: kuta za vyumba na ile nyama nyeupe chini ya ganda. Litafune lote. Pera lina kama gramu 5 za nyuzinyuzi kwa kila gramu 100, parachichi zaidi ya 6. Juisi iliyochujwa ni sukari na vitamini. Iliyosagwa na kunywewa na makapi yake ni afadhali, tunda zima ni bora zaidi.

Hatua ya 7: Mafuta, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu

Hii ndiyo iliyokuwa shida ya pili ya shangazi, na sisi watu wa pwani inatuuma kuisikia. Maharage yake yalikuwa mazuri, lakini aliyapika kwa kasimile, lile tui zito la kwanza. Nazi ina nyuzinyuzi, gramu 9 kwa kila 100 za nyama yake. Ila unapoikuna na kuikamua, nyuzinyuzi hubaki kwenye machicha, na mafuta huenda kwenye tui. Machicha tunawapa kuku. Mafuta ya nazi ni mafuta yaliyoshiba kwa zaidi ya asilimia 80, nayo hupandisha LDL. Basi ute unavuta chini, tui zito linavuta juu, mwisho wa mwezi karatasi haionyeshi kitu.

Simwambii mtu aache nazi. Tumia tui jepesi kwa siku za kawaida, kasimile ibaki ya Idi na wageni. Mbaazi zinapendeza pia kwa tangawizi, bizari na karanga. Samli na mafuta mgando yapunguze kwa nguvu zote. Mawese, ambayo ndugu wa Kigoma, Burundi na Kongo wanayapenda, yana mafuta yaliyoshiba karibu nusu, kwa hiyo yapime kwa kijiko. Alizeti yana kama asilimia 11 tu. Kuongeza nyuzinyuzi na kubadili mafuta kwa pamoja hushusha LDL kuliko kimoja peke yake.

Hatua ya 8: Oti na isabgoli, kwa anayemudu

Oti, zile punje bapa za pakiti, zina ute uitwao beta-glukani. Gramu 3 zake kwa siku hushusha LDL kwa karibu 0.25 mmol/L, na ili uzipate unahitaji kama gramu 70 za oti kavu. Shayiri nzima ina ute uleule. Isabgoli, maganda ya mbegu yanayouzwa famasi na kwenye maduka ya viungo ya Kihindi, ndiyo yenye nguvu zaidi: karibu gramu 10 kwa siku hushusha LDL kwa takriban 0.3. Inywe na bilauri nzima ya maji, papo hapo, kwa maana huvimba na inaweza kukwama kooni. Mwenye shida ya kumeza asiiguse.

Hatua ya 9: Panda taratibu

Mtu aliyezoea gramu 10 akiruka hadi 35 kwa siku moja, tumbo litamkatalia, naye atalaumu maharage. Wiki ya kwanza kula nusu kikombe cha mikunde kila baada ya siku moja. Wiki ya pili kila siku. Wiki ya tatu ongeza mboga ya ute na unga usiokobolewa, ya nne tunda zima mara mbili kwa siku. Kunywa maji zaidi kadiri unavyoongeza. Gesi ya mwanzo hupungua bakteria wakishazoea.

Siku iliyokamilika inaweza kuwa hivi: mchana ugali wa gramu 150 za dona, kikombe cha maharage na bamia; jioni viazi vitamu na mchicha wa karanga; katikati pera na chungwa. Hapo umevuka gramu 30 bila kununua kitu chochote cha ajabu.

Kwa wenye dawa: ute unaweza kuzuia dawa kufyonzwa, hasa isabgoli. Acha nafasi ya saa mbili hadi nne kati yake na vidonge, na anayemeza levothairoksini, digoksini au kabamazepini aongee kwanza na daktari. Anayetumia warafini asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani. Mwenye figo zilizochoka aulize kabla ya kuongeza maharage, ndizi na parachichi, kwa sababu ya potasiamu.

Hatua ya 10: Rudi kupima

Mabadiliko huanza kuonekana kwenye damu ndani ya wiki nne. Mimi ningekushauri usubiri wiki nane hadi kumi na mbili, ili unachopima kiwe ni mazoea na si juhudi za wiki moja.

Kama LDL yako ni 4.9 au zaidi, au baba au ndugu wa kiume alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, au una vinundu vigumu kwenye kano la kisigino, usingoje wiki kumi na mbili. Hiyo yaweza kuwa lehemu ya kurithi, nayo inahitaji dawa pamoja na chakula. Na aliyeandikiwa statini, dawa ya kushusha lehemu, asiache kwa sababu ameanza mlenda. Katika majaribio ya statini, kila LDL iliposhuka kwa 1 mmol/L, mshtuko wa moyo na kiharusi vilipungua kwa karibu moja ya tano. Isabgoli au maharage juu ya kidonge hushusha zaidi, hayakiondoi.

Shangazi aliendelea na kidonge chake cha lehemu. Pumba za ngano alizigawa kwa kuku, pamoja na machicha. Alipanda mistari miwili zaidi ya bamia nyuma ya jiko, na karatasi yake ya pili ameibandika ukutani juu ya kinu, mahali ambapo kila anayekuja kuomba moto lazima aione.